Ukiletewa logi kama ushahidi, anza na saa yake

Mtu akionyeshwa kwenye kikao logi ya kompyuta, yaani orodha ya matukio ambayo mashine hujiandikia yenyewe, macho hukimbilia jina lake. Akiliona, anaishiwa nguvu. Nimesaidia watu kwenye migogoro ya kazini ya namna hii, na jina silitazami kwanza. Natazama saa.

Mfanyakazi mmoja alidaiwa kuingia kwenye mfumo 05:40 alfajiri, ofisi ikiwa imefungwa. Logi haikuwa ya kughushi. Ila seva, kompyuta kuu ya mfumo, iliandika kwa UTC, saa rejea ya dunia nzima, na saa za pale ofisini zilikuwa tatu mbele. Aliingia 08:40, akiwa mezani pake kama wenzake wote. Kwa hiyo uliza logi imeandikwa kwa saa za wapi, na kama mashine ilikuwa ikirekebishwa saa yake kwa NTP, njia ya kompyuta kulinganisha saa zao kupitia mtandao. Kupotea kwa dakika chache kunatosha kumbambikia mtu kosa la mwingine.

Halafu anwani ya IP, namba inayotambulisha kifaa au muunganisho mtandaoni, ambayo watu huichukulia kama alama ya kidole. Siyo. Watoa huduma wengi, hasa wa simu, huweka wateja chungu nzima nyuma ya anwani moja ya IPv4, aina ya zamani ya anwani hizo, na bila porti ya chanzo, namba inayotenganisha muunganisho mmoja na mwingine kwenye anwani hiyo, ni vigumu kujua nani ni nani. Ndiyo maana RFC 6302, waraka wa wataalamu wa viwango vya intaneti wa mwaka 2011, inashauri seva za intaneti ziandike porti hiyo pamoja na wakati, hadi sekunde.

Kwenye logi za Windows, tukio namba 4624 ni kuingia kulikofanikiwa, lakini lisome pamoja na aina ya kuingia iliyoandikwa humo. Aina ya 2 ni mtu aliye kwenye mashine yenyewe. Ya 3 ni kupitia mtandao, na huweza kuwa programu tu inayofungua folda ya pamoja. Anayesema "ulikuwa umekaa pale" kwa kushika aina ya 3, mbane.

Picha ya skrini usiikubali. Dai faili zima, si mistari iliyochaguliwa, na heshi ya SHA-256, alama inayokokotolewa kutoka kwenye faili na kubadilika faili likiguswa, ikokotolewe mbele ya pande zote. Heshi hiyo italinda faili kuanzia hapo tu; yaliyofanyika kabla haiyajui. Dawa yake ni logi ya pili, iliyoko kwa asiyehusika na ugomvi, kama mtoa huduma wa intaneti au wa barua pepe. Iombe ihifadhiwe mapema, kwa maandishi, kwa sababu logi nyingi hufutwa zenyewe muda wake ukipita.