Mleta mada, badilisha mwezi kabla hujalipa: Krete si ya kutembea Agosti

Mleta mada ameandika kwamba amepata ofa ya wiki ya matembezi, yoga na mapumziko kusini mwa Krete, Ugiriki, kuanzia tarehe 8 hadi 15 Agosti, yeye pamoja na mama yake mwenye miaka 61. Anauliza wafikie kijiji gani, wavae viatu gani, chakula kikoje na nauli za boti ni kiasi gani. Ndugu yangu, usilipe. Kama umeshatoa amana, piga simu leo hii uombe tarehe nyingine, kwa sababu hayo yote uliyouliza hayana maana ikiwa mwezi wenyewe umekosewa.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Mwishoni mwa Julai 2022 nililipa euro 1,380 kwa wiki kama hiyo hiyo. Nilipomuuliza wakala kuhusu joto, naye ni Mtanzania mwenzangu, alinijibu: "Dada, wewe mtu wa Tanga, jua la Wazungu litakufanya nini?" Nilimwamini, na jibu hilo ndilo lililonifikisha kwenye dripu. Mpaka leo nikilikumbuka napandwa na hasira, kwa kuwa baadaye aligeuka na kukiri kwamba yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga Krete. Alikuwa akiuza karatasi, na aliyeweka mwili rehani nilikuwa mimi.

Joto la kwetu lina unyevu. Ukitembea mtaani saa saba mchana shati linakuganda mgongoni, unajua kabisa kwamba umetoka jasho, nawe unatafuta maji au dafu bila kuambiwa na mtu. Kusini mwa Krete hewa ya kiangazi ni kavu, na jasho linakauka kabla hujalihisi. Kijiografia pwani ile iko nyuma ya Milima Myeupe, ambayo kilele chake kirefu kinafika mita 2,453, kwa hiyo upepo wa kaskazini unaopoza visiwa vingine huteremka huko ukiwa umekauka na kupata joto, na upepo ukigeuka na kutoka kusini, unaleta joto la jangwa la Libya. Mtu anapungukiwa na maji huku ngozi yake ikiwa kavu na akijiona mzima. Dalili niliyopaswa kuiona ilikuwa kwenye mkanda wa begi langu jeusi, ambao ulikuwa umeota mistari myeupe ya chumvi kama kuta za nyumba za pwani. Niliifuta kwa kidole, nikadhani ni vumbi la chokaa.

Sasa sikiliza ratiba tuliyopewa, na uilinganishe na hiyo yako. Saa moja asubuhi yoga, saa mbili juisi, saa tatu kifungua kinywa cha matunda, saa nne na nusu matembezi. Yaani saa za ubaridi, ambazo wenyeji wa pale huzitumia kwa kazi zao zote za shamba, sisi tulizitumia kulala kwenye mikeka, kisha tukatolewa nje wakati wao wanafunga madirisha. Tulikuwa Agia Roumeli, kijiji kilichoko mdomoni mwa bonde la Samaria, kisicho na barabara ya gari. Siku ya tatu tukaondoka kwa miguu kufuata E4, ile njia ndefu ya watembea kwa miguu inayopita nchi nyingi za Ulaya, kandokando ya bahari kuelekea kijiji cha Loutro, mwendo wa saa tano au sita, nami nikiwa na lita moja na nusu ya maji.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Ukifika kwenye kanisa dogo la mawe la Agios Pavlos, lililojengwa karibu kabisa na maji, unaelewa kwa nini watu wanasafiri mbali kuja kutembea huko. Hata wasomaji wa Biblia watapata lao, kwani ghuba iliyo jirani na Loutro ndiyo inayodhaniwa kuwa ile Foinike ya Matendo ya Mitume sura ya 27, bandari ambayo mabaharia wa meli ya Paulo walitamani kuifikia wakashindwa. Baada ya kanisa njia inapanda kwenye misonobari, na baada ya misonobari inatoka kwenye mteremko wa mawe matupu usio na kivuli, na hapo ndipo nilipoharibikiwa. Joto la mawe lilikuwa linapenya kwenye soli. Maji yaliisha. Nyenje walipiga kelele mpaka nikawa nasikia kichwa changu ndicho kinacholia. Mwanamke wa Kiholanzi tuliyekuwa naye aliniuliza kwa Kiingereza kama niko sawa, nami nikamjibu kwa Kiswahili, sentensi ndefu kabisa, bila kutambua kwamba sisemi lugha yake. Huyo ndiye aliyeniokoa. Aliniketisha kwenye kivuli cha mwamba, akanipa maji yake, akanikokota mpaka ufuo wa Marmara, akailoweka kanga yangu baharini na kunifunika nayo shingo na kichwa. Simu haikuwa na mtandao, kwa hiyo namba ya dharura ya Ulaya, 112, haikutusaidia kitu. Nilitolewa kwa mashua ya kukodi, euro 90, mpaka mji mdogo wa Chora Sfakion, nikatundikiwa dripu, na siku zote zilizobaki nikazimaliza kitandani.

Na kama kuna mtu anajiandaa kuandika hapa chini kwamba mtu wa Tanga kashindwa na jua, ajue kwamba mbuzi wa Sfakia, yaani eneo lile lile la pwani, waliozaliwa pale pale, saa tano walikuwa wamekwisha kulala chini ya misonobari. Na tarehe 5 Juni 2024 Dakta Michael Mosley wa Uingereza, aliyefundisha watu afya kwenye televisheni kwa miaka mingi, alitoka kutembea peke yake katika kisiwa cha Symi, huko huko Ugiriki, siku ya joto kali, akakutwa amefariki siku nne baadaye. Hiyo ni Juni. Wewe unampeleka mama Agosti.

Kwa hiyo kanuni yangu ni mwezi kwanza, hoteli baadaye. Nenda kati ya katikati ya Aprili na mwisho wa Mei, au kuanzia mwisho wa Septemba mpaka katikati ya Oktoba. Mimi nilirudi Mei 2024 kwa fedha yangu mwenyewe, bila wakala, nikaipita njia ile ile nikiwa na lita tatu za maji, nimeanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Milimani juu kulikuwa bado na theluji, chini maua kila mahali, na harufu ya zaatari ya porini ilikuwa inapanda kila nikikanyaga. Jioni nilikula dakos, ule mkate mkavu wa shayiri unaolowekwa kwa nyanya na mafuta ya zeituni, nikalala usingizi ambao hakuna yoga iliyowahi kunipa. Oktoba nayo bahari bado ina joto la kuogelea, wakati Agosti vyumba ni ghali na vinajaa, hasa kuelekea tarehe 15, sikukuu ya Bikira Maria, ambayo Wagiriki wenyewe husafiri.

Kuhusu viatu, vaa vyenye soli ngumu ambavyo umeshavizoea, na mama awe na fimbo mbili. Bonde la Samaria msimpeleke kabla hamjapima magoti yake, kwani ni kilomita 16 za kushuka kutoka mita 1,230 mpaka baharini, na bonde hilo hufungwa siku za joto la kupindukia.

Mwandikie wakala wako leo umwombe tarehe za Mei. Akikataa, au akikuambia kwamba Mwafrika hashindwi na joto la Ulaya, nitumie ujumbe pembeni nikuonyeshe namna ya kupanga safari mwenyewe kutoka mji wa Chania, huko huko Krete.