Mjomba, kazi nimeacha mwenyewe

Shikamoo Mjomba. Umeniuliza kwenye kundi la ukoo: "Kampuni kubwa vile, miaka yote hiyo, umeacha au wamekufukuza?" Najua na wengine hapo Nachingwea wananong'ona hilohilo, basi najibu mbele ya wote.

Sikufukuzwa. Walitangaza kwamba atakayeondoka kwa hiari atalipwa kulingana na miaka aliyotumikia, nami nikajiandikisha wiki ileile. Huku Marekani sheria ya taifa haimlazimishi mwajiri kukupa kiinua mgongo, na karibu majimbo yote anaweza kukuachisha siku yoyote bila kusema sababu. Ofa kama ile huiachi ikapita.

Mnashangaa kampuni kubwa inaporomokaje. Zile Nokia 1100 za tochi mnazikumbuka? Zilitoka 2003, zikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Mwaka 2013 Nokia ikakubali kuiuzia Microsoft biashara yake ya simu, na Julai 2014 Microsoft ikatangaza kupunguza hadi watu 18,000, wapatao 12,500 wakiwa wa upande huo uliotoka Nokia. Sisi hatukutengeneza simu, ila njia tuliyopita ni hiyohiyo. Bidhaa moja ya zamani ilikuwa inaingiza hela nyingi mno, kwa hiyo kila wazo jipya lilipimwa nayo: litaleta kiasi kile? Halileti, liwekwe kando. Wateja nao wanahama. Yakaanza mapunguzo, na wa kwanza kuondoka wakawa wale hodari, maana wao wanagombewa kila mahali. Mizigo yao tukabebeshwa tuliobaki.

Ghorofani kwetu taa huwaka zikihisi mtu anatembea. Zamani mchana hazikuzimika hata mara moja. Mwishoni nilikuwa nikikaa kimya nikiandika programu, zinazimika zote, inabidi nipunge mkono ndipo ziwake. Meza ya jirani kilibaki kikombe cha mwenzetu Mhindi aliyepunguzwa. Viza yake ya kazi ilimpa hadi siku 60 kupata mwajiri mwingine, la sivyo afungashe, na watoto wake wako shule. Mimi nina ukaazi wa kudumu, yeye hana. Jambo hilo liliniuma kuliko hisa zangu kushuka bei.

Lakini lililoniondoa ni ujuzi. Nilikuwa fundi wa mitambo ambayo nje ya kampuni ile haitumiki popote. Kila mwaka niliobaki, soko lililobaki la kuniajiri lilizidi kuwa dogo. Wewe Mjomba ulipoambiwa na wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele ukate mikorosho mikongwe uibebeshe vikonyo vya mikorosho bora, ulikubali kukosa mavuno kwanza. Nami ndivyo nilivyofanya, na ningali na nguvu za kujifunza upya.

Vijana mnaosoma kompyuta hapo Mtwara na Lindi, mnaniomba niwatafutie nafasi kwenye makampuni yenye majina. Nitasaidia ninapoweza. Ila mkiitwa kwenye usaili, ulizeni mtafanya kazi gani, kwa zana zipi, na waliokuwa kwenye kiti hicho wamekwenda wapi. Jina la kampuni halitawalipia kodi ya nyumba siku mtakapopunguzwa.

Sasa habari ya hela, maana ndiyo mnayoona haya kuuliza. Nimeingia kampuni ndogo na mshahara umeshuka. Bima ya afya hapa inafuata kazi. Ukitoka sheria inakuruhusu kubaki nayo kwa kawaida miezi 18, lakini ile sehemu aliyokuwa akilipa mwajiri unailipa wewe. Nililipa hivyo hadi bima mpya ilipoanza, na ilikula sehemu kubwa ya yale malipo ya kuondokea. Ada ya mdogo wangu ipo palepale, nitatuma kabla shule hazijafunguliwa. Bati za nyumba ya Mama zingoje hadi mwakani. Na michango ya harusi, tafadhali Mjomba, msiniandikie kiasi kwenye daftari kabla hamjanipigia simu.