Ukifika kisima cha Adalaj, tafuta ngazi ukae

Nilimsindikiza mama Ahmedabad kwa matibabu ya goti. Waliowahi kwenda India na mgonjwa wanajua: kipimo ni siku moja, kusubiri majibu ni siku nne. Siku ya tatu mama mwenyewe akanifukuza. "Hebu nenda katembee, umenikalia hapa kama polisi."

Nikachukua bajaji hadi Adalaj, kama kilomita 18 kaskazini mwa mji. Wewe ukienda, patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hujapanda. Mimi nilipatana ya kwenda tu, na jioni nilisimama barabarani hadi nikajuta.

Pale kuna kisima cha ngazi, Wagujarati wanakiita vav. Kwa mbali huoni kitu cha maana. Ukisogea ndipo ardhi inafunguka: ghorofa 5 zinazoshuka chini, za mawe yaliyochongwa nakshi karibu kila mahali. Maandishi ya Kisanskriti yaliyomo humo yanamtaja malkia Ruda, na mwaka ni 1499 hivi, enzi za Sultani Mahmud Begada. Na ngazi hazikuwekwa kwa urembo. Huko mvua hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba, halafu basi. Kiangazi maji yakishuka, mchotaji anayafuata.

Utasimuliwa pia kwamba sultani alimuua mume wa malkia akataka kumwoa, malkia akamwambia kwanza amalizie kisima, na kilipokwisha akajitosa ndani. Tamu sana, lakini ichukue kama ngano.

Mimi nilishuka mbio, simu mkononi, dakika 20 nikawa nimemaliza. Kama si kamba ya kiatu kufunguka ningeondoka hivyo hivyo. Nilikaa kuifunga, nikahisi ubaridi wa mawe, kama umetoka juani ukaingia chini ya mwembe. Sikuinuka tena kwa saa mbili.

Mbele yangu walikuwa kina bibi watatu wenye sari, miguu wameinyoosha, wanakula kitu kwenye gazeti huku wakimteta mtu. Kigujarati sijui, ila umbea hauhitaji mkalimani. Mara mbili nilinasa neno "laki", nikajua kuna pesa za watu zinajadiliwa. Pembeni, bi harusi mtarajiwa alikuwa akipandishwa na kushushwa ngazi zile zile tano kwa amri ya mpiga picha, na mchumba wake amesimama kando kashika viatu vya bibie, jasho linamtoka. Mlinzi alimpigia filimbi kila aliyesogelea ukingo. Watoto wa shule walipiga kelele kusikiliza sauti zao zikizunguka kisimani, na mwalimu akajifanya hasikii.

Ndipo nikaona ukutani: wanawake wa mawe wanasukasuka mtindi, wengine wanajipamba, wengine wanacheza ngoma. Fundi aliyewachonga naye lazima alikaa mahali akatazama watu.

Kwa hiyo nenda saa tatu asubuhi, kabla jua halijakolea. Mwezi Mei usijaribu, joto la Ahmedabad linapita nyuzi 40. Ukitaka utulivu nenda katikati ya wiki, lakini ukitaka watu, nenda Jumapili. Vaa viatu vyenye soli inayong'ata, maana mawe yamelainishwa na miguu ya karne tano. Ukitaka kumpiga mtu picha, mwombe, hata kwa ishara. Na kama ni mweusi kama mimi, jiandae: wewe ndiye kivutio. Familia moja ilinipanga katikati, kisha ya pili, kisha foleni. Nilikwenda kutazama watu, nikatazamwa. Mwanzoni ilinikera. Baadaye nikaanza kudai na mimi nipige picha yangu kwa kila waliyopiga wao, tukacheka, tukawa sawa.

Siku mbili kabla ya kuondoka nilimpeleka mama. Goti halikumruhusu kushuka, nikamwacha juu kivulini na chupa ya maji, nikaenda chini mara moja tu. Niliporudi nilimkuta kabanwa katikati ya kina mama wawili, yeye hana Kigujarati, wao hawana Kiswahili, na mkononi ana kipande cha gazeti chenye thepla, zile chapati zao nyembamba za manjano. Akaniashiria nikae, nisimkatize.