Jibu: Mbwa aina ya Malinois wa miezi 8 anayekimbiza watoto
Mkuu, salama? Umesema Malinois wako wa miezi 8, hapo Buswelu, Mwanza, anawakimbiza watoto na kuwang'ata visigino, na unawaza kumuuza. Subiri kwanza. Cha kuangalia ni anafungiwa bandani kwa muda gani kwa siku.

Wangu nilimfungia kutwa. Jioni nikimfungulia anatoka kama risasi, anang'ang'ania pindo la suruali ya mwanangu mpaka linachanika. Hakuwa mkali. Hao asili yao ni kuchunga mifugo huko Ubelgiji, kitu kikikimbia mbele yake lazima akifuate.

Nikaanza kumtembeza kwa kamba alfajiri mpaka ziwani, saa nzima, kabla mawe hayajapata moto. Tukirudi, dakika 10 za kukaa na kusubiri, zawadi yake dagaa wakavu mmoja mmoja. Watoto niliwafundisha kusimama tuli akija, bila kupiga kelele. Ilipofika mwezi wa pili wa mazoezi, akaacha.

Ila usimwache peke yake na mtoto mdogo, hata awe mpole vipi. Na kama hiyo saa huna, kweli mpe mwenye nayo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ameshapata?