Fakiri, mtawa au zahidi? Swali kuhusu maelezo ya mchoro wa Kihindi

SWALI: Ninatafsiri maelezo ya picha za kale kwa ajili ya wanafunzi wangu wa sanaa. Picha moja kutoka India inaonyesha watu waliokutanisha viganja mbele ya mzee aliyeketi kifua wazi nje ya pango. Nimeandika: “Wageni wakimwabudu fakiri. Mchoro wa maji wa Kihindi.” Mwenzangu anasema sentensi hii haifai. Je, kosa liko wapi?

JIBU: Kosa kubwa limo katika kitenzi, lakini nianze na neno “fakiri”, kwa kuwa ndilo linaloweza kumpotosha msomaji bila yeye kujua. Katika Kiarabu faqir ni maskini, na wingi wake, fuqara, ndio uliotupa neno letu “fukara”. Huko India neno hilo lilipata maana ya darweshi wa Kiislamu anayeishi kwa sadaka, kisha watu, hasa Waingereza, wakaliambatisha hata kwa watawa wa Kihindu. Kiswahili hakikupitia njia hiyo. Mswahili akisoma “fakiri” anamwona mtu aliyepungukiwa, aliyenyimwa na dunia, ilhali mzee wa mchoro wako ndiye aliyeikataa dunia kwa hiari yake, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha picha yote.

Maneno mawili yanafaa zaidi. La kwanza ni “zahidi”, yaani mtu aliyezipa kisogo anasa za dunia kwa ajili ya ibada. La pili ni “mtawa”, linalotokana na kutawa, ambako ni kukaa ndani bila kutoka. Wasomaji wengi wa leo, wakilisikia, huwaza masista na mabruda wa Kanisa, lakini maana yake ni pana kuliko hiyo. Kwa mtu anayehama mji hadi mji akiwa na fimbo na kibuyu, ningechagua “zahidi”, kwa sababu mtu huyo hakutawa, bali ameacha nyumba. Kwa mzee wako wa pangoni, “mtawa wa Kihindu” ni sahihi kabisa. Zingatia herufi ya mwisho: mchoro ni wa Kihindi kwa sababu umetoka India, bali mtawa ni wa Kihindu kwa sababu ya dini yake.

Sasa kitenzi. “Kuabudu” ni neno la Mungu, au la kile ambacho mtu amekifanya mungu wake. Chukua mfano wa mchoro mashuhuri uliohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Guimet, Paris, unaomwonyesha Jahangir, mfalme wa nasaba ya Mughal iliyotawala India, akiwa ameketi na mtawa wa Kihindu aitwaye Jadrup. Jahangir alimzuru mtawa huyo karibu na mji wa Ujjain, India, mwaka 1617, na katika kumbukumbu zake, alizoziandika kwa Kiajemi, anaeleza jinsi alivyokwenda kwa miguu hadi kwenye shimo dogo alimoishi mzee yule, na kwamba elimu ya Vedanta, yaani falsafa ya Kihindu, aliyokuwa nayo mtawa huyo ndiyo elimu ya tasawufi, ile njia ya kiroho ya Masufi wa Kiislamu. Jahangir alikuwa Mwislamu. Kumwandikia kwamba “alimwabudu” Jadrup ni kumsingizia jambo zito, na wanafunzi wako wangeliamini.

“Kumsujudia” nalo lina uzito wake. Katika baraza la Akbar, baba yake Jahangir, watu walimsujudia mfalme, na desturi hiyo iliwakera Waislamu wengi hata mjukuu wake, Shah Jahan, akaiondoa. Basi neno hilo tuliweke kwa mtu aliyegusisha paji la uso chini, si kwa kila aliyeinama.

Mwenye kukutanisha viganja au kugusa miguu ya mzee anatoa heshima, na sisi hatupaswi kuliona jambo hilo kuwa geni: “shikamoo” yetu huelezwa kuwa imetokana na kauli ya kushika miguu, na hakuna anayedhani kwamba mtoto anayeitamka anamwabudu babu yake. Mimi ningeandika “wakimnyenyekea”, kwa sababu kunyenyekea kunabeba mambo mawili kwa pamoja, umbo la mwili ulioinama na hali ya moyo. Ambapo mgeni ameketi na kuzungumza tu, kama Jahangir, “kumzuru” kunatosha, nalo ni neno ambalo tayari tunalitumia kwa makaburi ya mawalii na mahali patakatifu. “Wageni” liache lilivyo.

Limebaki “mchoro wa maji”. Hilo linaweza kueleweka kuwa ni mchoro unaoonyesha maji, mto au bahari. Sema “mchoro wa rangi za maji”, kwa wingi, maana “rangi ya maji” kwa umoja ni ile ya dukani inayopakwa ukutani, ndugu wa rangi ya mafuta. Fahamu pia kwamba wachoraji wa India walichanganya rangi zao na gundi ya miti, wakazipaka tabaka juu ya tabaka hadi karatasi ya chini isionekane, kisha wakaisugua karatasi kwa jiwe laini ili ing'ae. Kwa hiyo, pale maelezo ya asili yanapotaja aina hiyo, andika “rangi nzito za maji”, na ikiwa dhahabu imetumika, ongeza “na dhahabu, juu ya karatasi”.