Kabla Hujaziba Bodi, Chungulia Ndani ya Ufa

Juzi kijana mmoja wa Diani kaniandikia. Bodi yake ya mawimbi ilipata ufa mkiani, akauziba kwa supagluu na kurudi baharini siku hiyohiyo. Siku ya tatu bodi nzito, ufa umerefuka. "Kaka, ninunue resini ya boti nimalizie kazi?" Ujumbe ule niliusoma mara mbili, maana resini ya boti ndiyo iliyonipotezea kazi.

Faiba, kitambaa cha nyuzi za kioo kinachogandishwa kwa resini, nilifundishwa na mjomba wangu, fundi wa boti. Nilianza kushika msasa nikiwa na miaka kumi na tano, na baadaye nikawa najua kwa harufu tu kama hadina, dawa ya kugandisha resini, imezidi. Kwa hiyo nilipoajiriwa kwenye kituo cha kaiti, mchezo wa kuteleza majini kwa bodi ukivutwa na tiara, pale Paje, Unguja, nilijiona fundi kamili. Msimu wa kusi, maji yamekupwa, mgeni mmoja akapita na bodi juu ya shamba la mwani, kigingi kikamchana pua ya bodi. (Mwani unalimwa Paje na Jambiani tangu 1989. Mwenye bodi ndiye wa kuangalia anapopita, si mama aliyeinamia kamba zake.) Nikamwambia mbele ya watu: kesho saa nne unaichukua.

Nikakoroga resini ya poliesta, ileile ya boti, nikamimina. Shimo halikujaa. Nikaongeza, likameza. Nikaongeza tena, nikaona kingo zinatitia. Povu la ndani lilikuwa linayeyuka mbele ya macho yangu, na nilipogusa ganda kwa kidole likabonyea kama yai viza. Yule mgeni hakunigombeza. Aliitazama tu bodi yake, akaondoka. Nilikatwa mshahara wa miezi miwili, kisha nikaambiwa nisirudi. Fedha nimeshazisahau. Sijasahau maneno ya meneja mbele ya wenzangu: "Huyu akazibe ndoo." Mjomba wangu ameziba boti zinazovuka kwenda Pemba, na mkono wangu umetoka kwake.

Nilichokuwa sikijui ni hiki: bodi si boti. Chini ya ganda la faiba kuna povu gumu, nalo kwa kawaida ni la aina mbili. La zamani ni la poliuretani, chembe zake ndogondogo kama mkate, na bodi yake huwa ya njano kwa jua. Hilo linakubali poliesta. La pili ni matonge meupe kama yale yanayofungia televisheni mpya. Hilo poliesta inalila, na supagluu pia inalila. Dawa yake ni resini ya aina nyingine, epoksi. Bodi za matonge ziliongezeka sana baada ya Desemba 2005, pale kiwanda cha Clark Foam cha California, kilichokuwa kikiwauzia povu watengenezaji wengi wa Marekani, kilipofungwa ghafla. Kwa hiyo mafunzo ya mjomba hayakuwa mabaya, bodi ndizo zilizobadilika. Ukishindwa kutambua, tumia epoksi, inashika kote kuwili.

Misimu miwili niliomba vipande vya bodi zilizovunjika nikajifunzia. Wiki iliyopita kituo kilekile kimeniletea bodi tano kwa mkupuo. Nimezitengeneza zote, na meneja kaja mwenyewe kuzichukua.

Vijana wenzangu wa pwani, haraka ndiyo inayotuaibisha. Mgeni anataka bodi kesho, nasi tunaogopa kumwambia subiri. Mwambie. Bodi iliyokunywa maji ya chumvi ukiiziba umefungia maji ndani, na ganda litabanduka tu. Ioshe kwa maji yasiyo na chumvi, iegemeze kivulini tundu likitazama chini, hata wiki nzima. Jua kali usiliamini, hewa ya ndani hutanuka ikalinyanyua ganda. Ikikauka, kata faiba iliyokufa, piga msasa namba 80 kupita kingo za kidonda, jaza, kisha weka kitambaa cha faiba tabaka mbili.

Na vipimo viheshimuni. Poliesta inataka hadina mililita 1 hadi 2 kwa mililita 100, na kwa joto letu anzia 1. Epoksi haina kukisia: kopo likisema mbili kwa moja, pima mbili kwa moja, ukizidisha hadina haitakauka vizuri. Vaeni miwani na barakoa. Hadina ya poliesta ikiruka jichoni inaweza kukupofusha, na vumbi la faiba si la kuvuta kifuani kila siku kwa sababu ya kuonekana shujaa.

Mdogo wangu wa Diani, resini usinunue bado. Kwangua hiyo supagluu, panua ufa kwa kisu mpaka uone povu lenyewe, osha, egemeza kivulini. Kisha nipigie picha ya ndani ya ufa, karibu, mchana. Nikiona matonge nitakwambia.