Kupinga kiwanda cha kurejeleza betri karibu na nyumba: sahihi 200 hazitoshi

Ndugu, umeuliza kama karatasi ya sahihi 200 itazuia kiwanda cha kurejeleza betri nyuma ya mtaa wenu hapa Kenya. Peke yake, haitazuia. Inaonyesha tu kwamba mna hasira, na NEMA, mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira inayotoa leseni, huamua kwa hoja.

Ombeni ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira mara moja. Tangazo la gazetini hutaja tarehe ya mwisho ya maoni, na ikipita mmepoteza nafasi kubwa. Kila nyumba iandike barua yake: nambari ya ploti, umbali kwa mita hadi ukuta wa kiwanda, idadi ya watoto, kisima kama kipo. Kisha ibaneni ripoti penye udhaifu. Upepo huvuma kuelekea wapi? Maji ya mvua kutoka uani yanaishia mtaro gani? Tindikali inahifadhiwa wapi? Mikutano ya wakazi inayotajwa kwenye ripoti ilifanyika kweli, na nani alisaini? Orodha za mahudhurio zinaweza kuangusha ripoti.

Msidharau risasi, yaani madini ya sumu (lead) yaliyomo ndani ya betri. Sumu iliyodhuru wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ilitoka kwenye betri hizi hizi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, miaka mingi baada ya watoto kudhurika.

Leseni ikitolewa, mna siku 60 kukata rufaa katika Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira (National Environment Tribunal). Tunzeni nakala zilizogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, barua ni kama haikufika.